Yoga na saumu kwa wauguzi wa zamu ya usiku: je, vinaweza kwenda pamoja?

Mkunga wa Tanga aliuliza:

Assalaam aleikum, na amani iwafikie nyote.

Mimi ni muuguzi mkunga katika wodi ya wazazi ya hospitali moja mkoani Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Ninaomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili kwa kulitenda au kwa kulisomea, kwa kuwa majibu ninayopata kwa wenzangu wodini yanapingana.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa na uchovu ambao usingizi hauumalizi. Hutoka zamu saa 2 asubuhi, nikafika nyumbani saa 3, nikalala, na bado huamka nikiwa mzito kama mtu aliyekesha. Kiuno kinauma na miguu inavimba, lakini hayo nimeyazoea. Linaloniumiza zaidi ni kwamba nimeanza kuwajibu wazazi kwa mkato. Zamani mama alipolia kwa uchungu moyo wangu ulikwenda naye. Siku hizi mikono inafanya kazi yake sawasawa, vipimo naandika, dawa natoa kwa wakati, ila moyo umebaki nyuma.

Mwezi uliopita mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo alitufundisha yoga kwa dakika 15 baada ya kukabidhiana zamu. Hatukuwa na kifaa chochote ila mikeka na kanga zetu wenyewe. Tulinyoosha shingo na viganja, tukalala chali tukaegemeza miguu ukutani, kisha tukahesabu pumzi. Nilipata nafuu ya kiuno ambayo dawa za maumivu hazijawahi kunipa, na siku hiyo nililala saa 5 mfululizo.

Sasa Ramadhani ya mwaka huu wa 2026 imeingia karibu siku moja na Kwaresima, na zaidi ya nusu ya watu wa zamu yetu wamefunga. Mwenzangu mmoja Mkristo amekwenda mbali zaidi: amejiwekea utaratibu wa kukaa saa 16 bila kula na kula ndani ya saa 8 tu, kwa kuwa amesikia kwamba njaa husafisha mwili. Wako wanaosema kwamba yoga na saumu vinafaana, na wako wanaosema kwamba mfungaji aliyekesha akianza kujinyoosha ataanguka kwa kizunguzungu mbele ya mgonjwa.

Nataka kujua ni wakati gani mfungaji wa zamu ya usiku anaweza kufanya mazoezi haya bila kujidhuru; kama kufunga kwenyewe, kwa mtu anayekesha, kunamjenga au kunammaliza; na kama ni halali kwangu mimi Mwislamu kufanya yoga, hasa ndani ya mwezi huu. Ninaogopa kuiharibu saumu yangu, na ninaogopa pia kumdhuru mzazi kwa sababu ya saumu hiyo.

Muuguzi Mstaafu, Mombasa, alijibu:

Wa aleikumu salaam, mwanangu.

Nimefunga Ramadhani zisizopungua 30 nikiwa kazini, nyingi kati ya hizo katika wodi za upasuaji, na hiyo hali ya mikono kufanya kazi huku moyo umebaki nyuma ninaijua. Usiione kuwa ni upungufu wa imani wala ubaya wa tabia. Shirika la Afya Duniani, lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, liliieleza hali hiyo kuwa inatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na likataja alama zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija. Halikuiita ugonjwa. Likaiweka katika mambo yanayoletwa na kazi, na mimi nadhani hilo ni muhimu kwako, kwa sababu mtu akidhani kwamba kasoro ni yake peke yake, ataitafuta dawa ndani ya mwili wake tu.

Kuhusu usalama wa wagonjwa, nikueleze tuliyokuwa tukiyafanya. Tulikuwa tukimjulisha msimamizi wa zamu ni nani amefunga na ni nani hakufunga, bila aibu, kama vile unavyomjulisha kwamba una mafua. Kila dawa ya hatari, na kwenu wazazi nafikiria sindano ya magnesi salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, ilikuwa lazima isomwe na watu wawili, na katika mwezi wa Ramadhani mmoja wa hao wawili awe mtu asiyefunga. Kwa zamu ya mchana, saa ya kuogopa ni kuanzia saa 10 jioni hadi magharibi. Kwa zamu ya usiku saumu yenyewe haijaanza, lakini kuanzia saa 9 hadi saa 11 alfajiri mwili wa kila binadamu huwa chini kabisa, aliyefunga na asiyefunga, na hapo ndipo makosa hutokea.

Jambo jingine ni kupokezana. Wenzetu Wakristo walikuwa wakitushikia wodi tufuturu kwa dakika 20 tukiwa tumekaa, nasi tukawashikia Krismasi na Pasaka. Mtu anayefuturu kwa kusimama, tende mkononi na glavu mfukoni, hawezi kusema kwamba amepumzika.

Hayo ya yoga nawaachia wanaoyajua.

Mwalimu wa Viungo, Nairobi, alijibu:

Shikamoo Mama wa Mombasa, na pole sana dada wa Tanga.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na ninafundisha yoga pia. Nianze na jambo ambalo watu wengi wanaojisifu kwa kufunga na kufanya yoga kwa pamoja hawalijui: mapokeo ya yoga yenyewe hayaipendi njaa kali. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 6, imeandikwa kwamba yoga si ya mtu anayekula kupita kiasi wala ya mtu asiyekula kabisa, si ya anayelala mno wala ya anayekesha mno. Kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, ambacho kimeandikwa karne kadhaa zilizopita na ndicho msingi wa mengi tunayoyafundisha leo, kinamtaka mwanafunzi ale chakula laini na kuacha robo ya tumbo bila kitu, na kinataja kufunga miongoni mwa mambo ya kuutesa mwili ambayo yafaa kuepukwa. Kwa hiyo ukiwa umefunga kwa ajili ya dini yako, unatekeleza ibada, na yoga iwe msaidizi wa ibada hiyo. Isiwe mashindano ya pili juu ya mwili uleule.

Kwa muuguzi wa usiku ninapendekeza nyakati mbili. Ya kwanza ni asubuhi ukifika nyumbani, kabla ya kulala. Maji umekunywa usiku kucha na daku umekula, kwa hiyo mwili haujakauka. Piga magoti, weka viganja chini, kunja mgongo juu unapotoa pumzi na uushushe taratibu unapoivuta, mara 8 au 10. Kisha kaa juu ya visigino na uiname mpaka paji la uso liguse mkeka, mkao unaoitwa wa mtoto, ukae hapo kwa dakika 2. Baada ya hapo lala chali na uegemeze miguu ukutani kwa dakika 5 hadi 10, kwani miguu iliyosimama saa 12 inataka damu yake irudi. Maliza kwa kulala tu, mikono kando, macho yamefumbwa. Ukisinzia hapo hapo, hakuna ulichokosea.

Wakati wa pili ni wakati wa mapumziko ya usiku, tuseme saa 8 au saa 9, ukiwa umekaa kwenye kiti: zungusha mabega, geuza shingo polepole, kunja na ukunjue viganja ambavyo vimeshika sindano na kalamu usiku mzima. Kisha pumua kwa hesabu, uvute kwa hesabu ya 4 na utoe kwa hesabu ya 6. Ukienda kwa mwendo wa sekunde utapata pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Mpumuo wa polepole, hasa ule ambao utoaji wake ni mrefu kuliko uvutaji, huamsha neva ya vagasi, ambayo hupunguza mwendo wa moyo na kuuambia mwili kwamba hatari imepita. Ni dakika 3 tu, na unaweza kuzipata hata wodi ikiwa imejaa.

Katika siku za saumu acha yafuatayo: kusimama kwa kichwa, yoga ya chumba chenye joto, mfululizo wa haraka unaotoa jasho, na zile pumzi za kasi za tumbo ambazo huitwa kapalabhati na bhastrika. Mwenye shinikizo la juu la damu, mwenye ngiri au mjamzito asizifanye pumzi hizo hata akiwa ameshiba. Pia usiinuke ghafla kutoka sakafuni. Geukia ubavu wa kulia, kaa, pumua mara 3, ndipo usimame. Wengi wanaoanguka huanguka kwa kuinuka haraka, na lawama huitupia saumu.

Yoga kwa wauguzi imepimwa pia. Mwaka 2015 zilichapishwa tafiti mbili ambazo huwa nawaeleza wanafunzi wangu. Moja ilikuwa ndogo, ya wauguzi 40 kwa majuma 8, na waliofanya yoga walipungukiwa na uchovu wa kihisia na ile hali ya kuwaona wagonjwa kama vitu. Nyingine ilifanyika China kwa wauguzi 120 kwa miezi 6, na waliofanya yoga baada ya saa za kazi walilala vizuri zaidi na msongo wao ukapungua. Tafiti za namna hii si kubwa kiasi cha kumaliza mjadala, lakini zinafanana na unachokisimulia kuhusu saa zako 5 za usingizi.

Mkuu wa Wodi, Dodoma, alijibu:

Naomba niwe mkweli, na mnisamehe nikiwakera. Ninasimamia wodi, na kila ninaposikia habari za yoga kwa wauguzi napata wasiwasi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga wasiopungua 4.45 kwa kila watu 1,000 ili kufikia malengo ya maendeleo endelevu, na Tanzania iko mbali sana chini ya kiwango hicho. Mkunga mmoja akiwaangalia wazazi wengi kuliko anavyoweza, hakuna pumzi ya hesabu ya 4 na 6 itakayomzalia mkunga wa pili.

Nimewahi kuona mahali ambapo watumishi waliomba kuongezewa watu wawili wa zamu ya usiku, wakajibiwa kwa semina ya siku moja ya kukabiliana na msongo. Iliwaumiza sana, kwa kuwa waliambiwa kwa njia ya upole kwamba tatizo ni wao. Ndiyo maana ninamwomba dada wa Tanga aandike. Aandike saa za ziada, aandike idadi ya wazazi kwa kila zamu, aandike usiku ambao hakupata hata dakika 10 za kukaa, na ampelekee msimamizi wake kwa maandishi. Mkeka hauandiki taarifa.

Jambo moja ninalikubali: mazoezi yasifanywe kuwa wajibu wa nyongeza, watu wakaitwa saa nzima kabla ya zamu bila malipo. Yakifanyika, yafanyike ndani ya saa za kazi.

Daktari wa Magonjwa ya Ndani, Muscat, alijibu:

Ninaungana na mkuu wa wodi kuhusu idadi ya watumishi. Hata hivyo mwuliza swali anaingia zamu usiku wa leo, na inafaa apate jibu la leo.

Kwanza Ramadhani. Katika pwani ya Afrika Mashariki mchana haurefuki wala haufupiki sana, na saumu ni ya saa 13 na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. Ini la mtu mwenye afya huhifadhi sukari ya kumtosha kwa sehemu kubwa ya muda huo, na baada ya hapo mwili huanza kutegemea mafuta zaidi. Kwa hiyo njaa peke yake haimwangushi mtu mzima mwenye afya. Vinavyomwangusha ni upungufu wa maji na upungufu wa usingizi, na kwa mnywaji wa kahawa na chai ya rangi, kukatiwa kinywaji hicho kwa ghafla, jambo linaloleta maumivu makali ya kichwa katika siku za mwanzo.

Kwa mtu wa zamu ya usiku mambo yamegeuka, kwa sababu yuko macho wakati wa kula na analala wakati wa kufunga. Anaweza kunywa maji usiku kucha, na hiyo ni neema. Hatari yake ni kula usiku mzima. Usiku mwili huishughulikia sukari kwa udhaifu kuliko mchana, na sahani ya futari ya mihogo, tambi na kaimati, ikifuatiwa na wali saa 6 usiku na chapati za daku, huiacha sukari ya damu ikiwa juu na mtu akiwa mzito saa 10 alfajiri. Nashauri mlo mkuu uwe futari, taratibu, ukianza kwa tende na maji au uji. Katikati ya usiku iwe kidogo, kama matunda na karanga. Na daku iwe ya chakula kinachokaa tumboni, maharage, mayai, ugali wa dona au mtama, parachichi likipatikana. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu magharibi, kwa kuwa lita nzima inayonywewa dakika za mwisho huishia chooni. Kahawa iishie saa 7 usiku, la sivyo itakusubiri kitandani asubuhi.

Kuhusu mwenzako wa saa 16, madai kwamba njaa husafisha mwili yametokana na jambo la kweli lililotiwa chumvi. Mwaka 2016 Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi seli zinavyovunja na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa, na kazi yake ya msingi aliifanya kwa kutumia hamira. Kutoka kwenye hamira hadi kwa muuguzi aliyesimama usiku kucha ni safari ndefu. Lipo pia jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2021, ambalo watu 19 waliwekwa katika maabara wakaishi kama wafanyakazi wa usiku: waliokula usiku sukari yao ilipanda, na waliokula mchana tu hawakupatwa na hilo. Hilo linaunga mkono kula kidogo usiku. Lakini wale 19 hawakuwa wakikimbizana na mama anayevuja damu. Akitaka kuendelea, anywe maji wakati wowote, na awe na kitu mfukoni cha kula mara mikono ikianza kutetemeka.

Yeyote mwenye kisukari asiingie katika mfungo wowote kabla ya kuzungumza na daktari wake, hasa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi. Miongozo ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kuhusu Ramadhani iko wazi: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwa kipimo cha milimoli, saumu inafunguliwa hapo hapo. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye vidonda vya tumbo nao wapate ushauri kwanza. Na ninyi msio na ugonjwa wowote, mkiona jasho la baridi, macho kufunga ukungu, moyo kwenda mbio au akili kutofuata unachokisoma kwenye chupa ya dawa, wekeni chini mlichoshika na mwite mtu.

Hapa Oman sheria ya kazi inawapunguzia Waislamu saa za kazi katika Ramadhani hadi 6 kwa siku. Natamani kanuni kama hiyo ingefikiriwa kwa wodi za kwetu nyumbani.

Mwanafunzi wa Fiqhi, Unguja, alijibu:

Dada yangu, mimi si mufti, na fatwa uitafute kwa shehe unayemwamini. Ninakueleza tu yale yanayojulikana.

Wanazuoni wamelizungumza suala la yoga katika nchi mbalimbali. Baraza la Fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliikataza kwa Waislamu yoga inayochanganya mazoezi na maneno ya ibada ya Kihindu, na mwaka uliofuata Baraza la Maulamaa la Indonesia likatofautisha waziwazi: yenye mantra na ibada imekatazwa, iliyo mazoezi ya viungo tu imeruhusiwa. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua yoga kuwa mchezo unaoweza kufundishwa kwa leseni. Utaona kwamba mjadala umesimama kwenye nia na matamshi, wala hakuna anayekukataza kunyoosha mgongo. Basi acha maneno usiyoyajua maana, acha ule mfululizo wa mikao ya yoga unaoitwa wa kulisalimu jua ikiwa unakutia shaka, na moyo wako utulie.

Kuhusu saumu na kazi, Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imewapa ruhusa wagonjwa na wasafiri, na ikaeleza kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Mwenye kuhofia madhara ya kweli katikati ya mchana anafungua na atalipa siku nyingine. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia swahaba aliyekuwa akifunga mchana na kusimama usiku bila kupumzika kwamba mwili wake una haki juu yake. Na niliposoma maneno ya mwalimu wa Nairobi kuhusu robo ya tumbo, nilikumbuka hadithi aliyoipokea Tirmidhi: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Nimefurahi sana kuona pumzi imetengewa mahali pake.

Mkunga wa Tanga aliandika baada ya Idi:

Shikamoo Mama, na ahsanteni nyote. Niliona ni deni kurudi kuwaeleza yaliyotokea.

Nilifuata utaratibu wa asubuhi karibu kila siku niliyotoka zamu. Majuma mawili ya kwanza sikuona tofauti ila ya kiuno. Juma la tatu nilianza kuamka adhuhuri bila ule uzito, nikaswali, nikalala tena kidogo baada ya alasiri. Daku niliibadilisha kama daktari alivyosema, nikaacha chapati, na saa 10 alfajiri nikaacha kusinzia juu ya faili. Siku mbili nilifungua saumu, moja kwa sababu ya kuharisha na nyingine baada ya kuchelewa kutoka zamu kwa saa 4 kwenye jua kali hali nimeishiwa kabisa. Nitazilipa.

Mwenzangu wa saa 16 alipatwa na kizunguzungu usiku mmoja akiwa ameshika bomba la sindano. Aliliweka chini akaniita, nikamalizia mimi, naye akakaa akala ndizi mbili. Tangu hapo anakula kidogo katikati ya usiku. Kusoma dawa za hatari watu wawili wawili tumekufanya kuwa kanuni yetu, na hatutaki kuiacha ingawa mwezi umekwisha.

Mkuu wa wodi wa Dodoma, niliandika pia. Nilijaza daftari la zamu 18, idadi ya wazazi na saa za ziada, nikalipeleka kwa barua. Bado sijajibiwa, lakini safari hii wameshindwa kuniambia kwamba ni hisia zangu.

Juzi alikuja binti wa uzazi wa kwanza, amejikaza, anapumua kama aliyekimbia. Nilikaa naye. Nikamshika mkono, tukavuta kwa hesabu ya 4 tukatoa kwa hesabu ya 6, uchungu kwa uchungu, mpaka njia ikafunguka. Sikuwa na haraka ya kuondoka pale kitandani, na hilo nililigundua baadaye, nikiwa naandika taarifa yake.

Nina swali kwa mwalimu wa Nairobi. Mwenzetu mmoja ana mimba ya miezi 7 na anataka kujiunga nasi asubuhi. Aegemeze miguu ukutani kama sisi?

Mwalimu wa Viungo, Nairobi, alijibu:

Hapana, dada, asilale chali kwa muda mrefu katika miezi hiyo, kwa kuwa uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Wewe mkunga unalijua hilo kuliko mimi. Alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo, afanye pumzi zile zile bila kuzibana. Kukunja na kushusha mgongo kwa magoti na viganja anaweza, polepole, na mkao wa mtoto aufanye akiwa ametanua magoti ili tumbo lipate nafasi. Miguu yake ainyooshe juu ya kiti akiwa amekaa. Na mkunga wake wa kliniki aambiwe kwanza.